Alama Nilizoziomba

Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mimi wiki ile nilikuwa navyo vyote viwili, na kilichoniumbua ni kikohozi.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Septemba, wakati ambapo mtaa wetu wote hapa Troyan, mji wetu wa milimani, hunuka pilipili hoho za kuchoma. Kila ua ulikuwa na pipa lake na moshi wake. Kaka yangu Rumen alikuwa nje akigeuza hoho, mikono myeusi kwa masizi hadi viwikoni, na mimi na mama tulikuwa jikoni tukizimenya na kuzishindilia kwenye chupa za msimu wa baridi. Nikakohoa, mama akanitazama. Nikakohoa tena, akaweka kisu chini.

Mama yangu Stoyka hana imani na daktari yeyote aliye hai. Imani yake iko kwenye vikombe vya kuumikia, vile vidogo vya kioo alivyorithi kwa mama yake. Mtu akikohoa nyumbani kwake, hata kama ni mgeni aliyekuja kusoma mita ya umeme, hujikuta amelazwa kifudifudi mgongo wazi, na anarudi kwao ana madoa ya mviringo kama ameparamiwa na pweza. Akaniambia nikalale kwenye sofa. Nikamwambia ni moshi tu. Akasema moshi hautoi kikohozi cha kutoka tumboni. Nikasingizia wateja, nikasingizia baridi, nikasingizia kwamba nitachelewa kufungua saluni.

“Mwaka huu una nini mgongoni, Zlatina? Umeota mabawa?”

Laiti angejua. Chini ya sweta langu la shingo ndefu kulikuwa na alama ya meno begani, ndogo, nadhifu, ya rangi ya plamu iliyoiva. Kulikuwa na alama za vidole juu ya mikono, na nyingine kiunoni. Tangu zilipowekwa nilikuwa nikipita mbele ya vioo vya saluni yangu nikitabasamu peke yangu, hadi wateja wakaanza kuniuliza nimeshinda bahati nasibu gani. Nilikuwa nikizigusa juu ya nguo, kidogo tu, mtu asione. Zilikuwa alama za Lazar.

Lazar ni mfua shaba. Karakana yake iko mtaa wa nyuma yetu, na huko hutengeneza mitambo ya kupikia rakia, pombe kali ya matunda, kwa nusu ya watu wa milimani. Ana mwili wa kuziba mlango na sauti ya chini chini, na akimkanyaga paka humwomba radhi. Tulikuwa tumepanga kufunga ndoa kabla ya mfungo wa Krismasi. Kilichobaki ni baraka ya mama, na mama alikuwa haitoi. Hakumkataa, ila hakumkubali pia. Alisema mwanamume hutazamwa kwa misimu yote minne, na yeye bado alikuwa anamtazama. Sikumlaumu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na nyumba yetu nyoka tulishamfuga.

Basi mama hakungoja. Alinigeuza, akalivuta sweta vilevile anavyomenya hoho, likatoka zima. Nilikuwa nimelala kifudifudi, sikuuona uso wake. Nilisikia kiberiti, nikasikia harufu ya spiriti kwenye pamba, nikangoja joto la kikombe cha kwanza. Halikuja. Nilipogeuza shingo, mama alikuwa amesimama na uma mkononi, kipande cha pamba kinawaka kwenye ncha, macho yake yako begani mwangu. Akaipuliza ile pamba.

“Hiki ni nini?”

Hapo ndipo nilipoharibu. Mwanamke mzima wa miaka thelathini na sita, mwenye saluni yangu, ninayesikiliza kila siku mambo ya vitanda vya Troyan ambayo hata padri hajayasikia, nikaona haya mbele ya mama yangu kama msichana aliyekamatwa na barua. Mdomo ukajisemea wenyewe.

“Nilijigonga kwenye kabati, mama.”

Niliyatamka na kuyasikia kwa wakati mmoja. Maneno yale hayakuwa mageni chumbani mle. Miaka yote niliyokaa na Plamen, mume wangu wa kwanza, nilijigonga kwenye kabati, niliteleza ngazini, nilibanwa na mlango wa gari. Plamen alikuwa na ngumi zake, mimi nilikuwa na kabati langu. Mama aliyajua maneno hayo kama ajuavyo Baba Yetu.

Akafungua dirisha la uani. Hakupaza sauti.

“Rumen. Yule mfua shaba.”

Kaka yangu akamtazama mama usoni, kisha akanichungulia mimi niliyekuwa napigana na mikono ya sweta, akaziona alama za vidole kwenye mkono wangu. Hakuuliza. Akatupa koleo kwenye majani, akatoka. Rumen ndiye aliyenitoa kwa Plamen, na hajawahi kujisamehe kwamba alikuja amechelewa. Nilijua leo hatachelewa. Nilijua pia kwamba mikono yake itafika kabla ya maswali yake, na kwamba Lazar, na ukubwa wake wote, hajui kupigana na mtu.

Nikakimbilia mlangoni, mama akasimama katikati yake.

“Nipishe, atamuumiza.”

“Amuumize.”

“Mama, hukunielewa.”

“Mara ya kwanza nilikuelewa, Zlatina. Nilikuelewa nikanyamaza.” “Unakumbuka nilivyokuwa nakuumika enzi za Plamen?”

Nilikumbuka. Kila nilipokuja kumsalimia alinilaza, niwe nakohoa nisiwe nakohoa. Nilikuwa nikimcheka kwa hilo.

“Nilikuwa nayaona,” akasema. “Yote. Nilikuwa natafuta lilipo doa la kipigo, naweka kikombe juu yake. Ili ukitoka hapa uwe na madoa ya dawa tu, na watu wakiuliza tuseme mama yake kamuumika. Mshenzi yule nimemfichia mimi, kwa mkono huu. Leo mkono umekataa.”

Miaka yote nilidhani mama hakuona. Niliishi na wazo hilo, nikamhurumia kwa kutojua kwake. Sasa nilipandwa na hasira hadi masikio yakaniwaka, nikataka kumwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Kisha nikamtazama: ameng’ang’ania uma wenye pamba iliyoungua, maganda ya hoho yamemganda vidoleni, anazuia mlango kwa mwili wake mdogo ili nisirudi motoni. Hasira ikanitoka. Ningemwambia nini mtu ambaye ameshajiambia yote?

“Lazar hanipigi,” nikasema. “Nilimwomba.”

“Ulimwomba nini?”

“Mama, usinifanye nilitamke.”

“Litamke. Nyumba hii imenyamaza vya kutosha.”

Nikalitamka, macho yangu kwenye bakuli la hoho kwa sababu usoni kwake nisingeweza. Nikamwambia kwamba baada ya Plamen ngozi yangu ilikuwa imekufa, kwamba mtu akinigusa bega kwenye foleni ya mikate nilikuwa natapika. Kwamba Lazar alinishika mkono tu, majira ya baridi yakaisha ananishika mkono tu. Kwamba mimi ndiye niliyekuja kumtaka, na mimi ndiye niliyemwambia aniume, na yeye alikataa. Akaniuliza kama nina hakika hadi nikakasirika. Nikamwambia tulikaa kwanza mezani, tumevaa nguo zetu zote, tukinywa kahawa, tukaongea lipi ruhusa na lipi marufuku, kama watu wanaochagua rangi ya chumba. Kwamba kuna neno nikilisema kila kitu kinakoma. Na kwamba siku moja nililisema ingawa sikuumia, kwa kumjaribu tu. Akaacha palepale. Akanifunika blanketi, akaniletea maji, akakaa chini sakafuni hadi nikamwita. “Usiku ule nililia, mama,” nikamwambia, “kwa sababu kuna mwanamume amenisikia.”

Nje hoho za Rumen zilikuwa zinaungua, harufu yake ilishageuka.

“Doa ni doa,” mama akasema mwishoni. “Nimeyaona ya yule, nimeyaona ya huyu. Rangi ni ileile. Mimi nitajuaje?”

“Rangi ni ileile kweli. Lakini za Plamen nilizificha kwa sababu zilinichukiza. Hizi nilizificha kwa sababu ni zangu. Zikianza kufifia naona uchungu.” Nikaelekeza kidole kwenye vikombe vyake. “Na wewe mbona unawatia watu madoa mgongo mzima, na hakuna anayekuita mpigaji? Kwa sababu wamelala wenyewe.”

Akavitazama vikombe vyake.

“Wewe leo nilikulaza kwa nguvu,” akasema.

“Basi umeiona tofauti.”

Sijui kama alicheka au alilia, sauti ilikuwa moja. Aliutupa uma kwenye sinki, akavaa viatu vya mpira vya bustani.

“Twende, kabla kaka yako hajaua mtu.”

Tulikatiza uani kwa jirani, mimi sweta nimelivaa nje ndani, mama ananitangulia kwa umri wake wote. Njiani nilikuwa nikisali sala isiyo na maneno. Sikuogopa kipigo peke yake. Niliogopa kwamba Lazar ataitazama ngumi ya kaka yangu na kuamini jina ambalo ngumi ile ilikuwa inampa: mpigaji.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Lazar alikuwa amekaa juu ya mtungi wa shaba uliopinduliwa, mikono mikubwa imelala magotini, jicho la kushoto limeanza kufumba. Rumen alikuwa amesimama mbele yake anahema, ngumi bado amekunja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyevunja mlango akakuta haukuwa umefungwa.

“Harudishi,” kaka yangu akatuambia, karibu analalamika. “Nimemuuliza, ni wewe? Akasema ni mimi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema nikamuulize Zlatina. Nikampiga, akakaa. Mimi sijawahi kumpiga mtu aliyekaa.”

Nikampita, nikapiga magoti mbele ya Lazar. Hakunigusa. Mikono ilibaki magotini, kama ya mtu aliyekatazwa kugusa vitu dukani.

“Kwa nini hukumwambia?” nikamuuliza.

“Lako si langu kulitangaza.”

“Ungejitetea japo kidogo.”

“Nilidhani umewaambia wewe.” Alisema polepole, jicho moja likinitafuta usoni. “Rumen alikuja kwa kasi vile, nikajua ametumwa. Nikasema basi nilikuumiza siku ile. Labda ulisema neno nikakosa kulisikia. Nimekaa hapa nakumbuka kila kitu tangu mwanzo, natafuta ni wapi.”

Moyo wangu ulipasuka pale, sina namna nyingine ya kulisema. Amepigwa jicho likaziba, na kilichokuwa kinamuuma ni kwamba huenda hakunisikia. Nikamshika uso kwa mikono yote miwili, mikono inayonuka hoho na moshi.

“Hukukosa neno lolote. Sikulisema, kwa sababu sikulitaka. Nilisingizia kabati kwa haya zangu tu, Lazar. Mimi ndiye mjinga wa leo.”

Alifumba na lile jicho zima. Mabega yakamshuka taratibu, nikahisi pumzi yake ndefu usoni pangu, na mimi pia nikapumua, nadhani kwa mara ya kwanza tangu ile pamba izimwe.

“Kabati gani?” Rumen akauliza. “Neno gani? Mbona sielewi?”

“Hana haja ya kuelewa,” mama akasema.

“Nimempiga mtu, mama. Nina haja.”

Nikachoka na haya. Haya ndizo zilizotufikisha pale. Nikashika ukosi wa shati la Lazar, nikamtazama kwanza, akanikubalia kwa kichwa, nikauvuta. Chini ya mfupa wa shingo kulikuwa na meno yangu, seti nzima, juu na chini, na mahali ambapo jino langu moja limepinda pia palionekana.

Rumen alitazama. Akanitazama mimi. Akatazama tena. Wekundu ukaanza shingoni mwake ukapanda kama maziwa yanavyochemka, akageukia ukutani na kuanza kusoma kalenda.

“Kumbe ngoma droo,” mama akasema.

“Mama!” Rumen akauambia ukuta.

“Mama nini? Harusi ya binamu yenu, Agosti ya miaka ile, ile skafu ya hariri niliyofunga shingoni kutwa nzima na jua lile, mlidhani nilikuwa nasikia baridi? Baba yenu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mpole sana mbele za watu.”

Kaka yangu akasema anakwenda kuangalia hoho. Mama akamwambia hoho zimeshakuwa makaa, na hapo alipo hatoki mpaka amwombe mtu radhi. Rumen akaja akasimama mbele ya Lazar, akajikuna kichwa kwa mkono wenye masizi, akasema mkono ulitangulia, kichwa kikabaki nyuma. Lazar akamwambia hata yeye angekuwa na dada angekuja vivyo hivyo. Wakashikana mikono bila kutazamana, kama wanaume wanavyofanya wakiwa wamesikia mengi kuliko walivyotaka.

Mama hakuwa amemaliza. Alivuta kigoda akakaa mbele ya Lazar, magoti kwa magoti, akamkazia macho.

“Nakuuliza mara moja, na nitajua ukidanganya. Akisema basi?”

“Nakuwa nimeshaacha.”

“Na asiposema kitu? Mtoto wangu huyu alinyamaza miaka. Ni hodari wa kunyamaza.”

Nilimwona Lazar akilifikiria swali kwa uzito wake.

“Akinyamaza naacha pia,” akasema. “Namuuliza. Kimya chake sikijui vizuri, mama, kwa hiyo sikiamini. Naamini mdomo wake tu.”

Mama alimtazama muda mrefu. Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba pale ndipo mambo yote yalipokuwa: ndoa, mfungo wa Krismasi, mimi kuhamia kwa Lazar kwa amani au kwa kutoroka. Nilisimama nyuma ya Lazar nimeshika mabega yake, na sikuthubutu hata kukohoa.

Kisha mama akaangaza huku na huku, akaiona chupa ya rakia ambayo Lazar huiweka dirishani kwa ajili ya wateja wake. Akatoa leso mfukoni mwa aproni, akailowesha, akaikamua. Aliusogeza mkono kwenye lile jicho lililovimba, akausimamisha kabla haujafika.

“Itachoma. Niweke?”

“Weka, mama.”

Akaiweka. Lazar akakaza meno. Mama akaondoa mkono palepale, akangoja, na Lazar alipotikisa kichwa kumruhusu akairudisha, polepole zaidi. Rumen alikuwa ameacha kusoma kalenda. Mimi nilikuwa nikiitazama mikono ya mama yangu, ile iliyoficha na sasa inaomba ruhusa, na machozi yalinitoka nikayaacha yatoke.

“Hayo mengine yenu siyajui, na msiniambie tena,” mama akasema, akifuta kuzunguka jicho. “Yule aliyeyataka ameyapata, Mungu awazidishie. Lakini hili la jicho hukuliomba. Katika yote niliyoyaona leo, hili peke yake ndilo kosa, na limetoka nyumbani kwangu. Nisamehe, mwanangu.”

Lazar, ambaye hakutoa chozi alipopigwa, aliinamisha kile kichwa chake kikubwa hadi begani kwa mama yangu, akalia. Mama akaiacha leso ianguke, akamshika shingo kwa mikono yote miwili, na hakumharakisha.